Choya ya gunia imeshinda: maua ninayopikia nyumbani na ninavyoyachagua sokoni

Nyumba nyingi za Pwani hula maua kila wiki bila kuyahesabu kuwa maua. Karafuu ya pilau ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Zafarani ya biriani ni nyuzi zilizochomolewa katikati ya ua. Choya, ile rozela ya juisi nyekundu ya futari, imetoka kwenye ua, na ua la manjano la mmea wa boga, kabla boga halijakua, lenyewe ni mboga tamu. Kwa hiyo ninapoona watu wanauziwa visanduku vya maua ya kupambia sahani kwa bei ya kuku mzima, tena wakiambiwa kwamba kupika na maua ni mtindo mpya, naumia. Maua bora ya jikoni yako sokoni kwetu, kwenye magunia na mafungu, na wauzaji wake watu wanawapita tu.

Napika Ilala, Dar es Salaam. Nina familia kubwa ya kulisha, na Ramadhani ikiingia nauza juisi, kaimati na bhajia barazani. Kwa hiyo ua likiingia jikoni kwangu nalipima kwa mambo ambayo mpishi yeyote wa kila siku angeyaangalia: lina ladha au lina rangi tu, ni safi, bei yake inaruhusu kulipika Jumanne ya kawaida, na linakaa muda gani kabla halijaharibika. Nimenunua Buguruni, Ilala na Kariakoo, nimenunua pia kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi. Wauzaji walionifurahisha nimewaeleza kwa bidhaa zao, na walioniudhi sitawataja majina.

Nianze na choya, au rozela kama wengine wanavyosema. Kitu tunachokinunua kikiwa kimekauka ni kile kikombe chekundu kinachoshika ua kwa chini. Petali zenyewe huanguka mapema, kisha kikombe hunenepa na kulifunika tumba la mbegu. Mkulima huchuma, hulitoa lile tumba, mara nyingi kwa kulisukuma nje na kipande cha bomba chembamba chenye ukingo mkali, halafu huanika. Choya nyingi inayofika Dar hutoka mikoa ya bara. Dodoma ndiko wanakotengeneza mpaka mvinyo wake, maana mmea huu huvumilia ukame kuliko mboga nyingi. Nayasema haya kwa sababu ubora wote wa choya unaamuliwa hapo kwenye kuanika. Iliyoanikwa juu ya turubai au kichanja hufika safi. Iliyomwagwa chini huja na mchanga, na mchanga wa choya hautoki kwa kuosha mara moja.

Choya ya gunia, ile wanayoipima kwa kisado au kwa mzani, ndiyo ninayoisifu kwa moyo wote. Kwanza unaiona. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, usiridhike na ya juu. Chukua konzi, ifungue kiganjani. Vikombe vizima vyenye ncha zake vinaonyesha kwamba mzigo haukukanyagwa wala kukaa ghalani misimu miwili. Rangi iwe damu ya mzee. Ikiwa ya kahawia, imezeeka au imeanikwa kwenye jua kali mno kwa muda mrefu, na juisi yake itakuwa chungu badala ya kuwa chachu. Kunja kikombe kimoja: kikikatika na kuwa vumbi, kimepitiliza. Kikinata na kulowanisha vidole, kina unyevu, na nyumbani kitaota ukungu. Kinachofaa hupinda kidogo kwanza, ndipo kikakatika. Mwisho weka kipande ulimini. Uchachu ukija haraka na kukufanya umeze mate, nunua.

Kijana ninayenunua kwake Ilala ananifahamu sasa. Ana magunia mawili, la choya na la ubuyu, na kila nikifika huniambia, "Dada, onja kwanza ndiyo tuongee bei." Muuzaji anayekuambia uonje kabla ya bei ana uhakika na mzigo wake. Hupepeta kwa ungo mbele yako bila kuombwa, na vumbi linalobaki chini halirudishi kwenye kisado. Kwangu hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kurudi kwake, hata kama gunia la jirani linashuka bei kidogo.

Upishi wake ni mwepesi, ila una adabu zake. Osha kwa maji baridi, haraka, katika maji mawili. Ukiloweka, rangi na uchachu vinabaki kwenye beseni. Chemsha maji yakiwa na tangawizi iliyopondwa, iliki na karafuu mbili tatu. Yakishatokota, epua, tia choya, funika. Acha mpaka maji yapoe yenyewe, kisha chuja. Wengi huichemsha choya motoni kwa muda mrefu wakidhani rangi itakolea zaidi. Rangi hukolea kweli, ila na uchungu nao unatoka. Sukari tia baada ya kuchuja, ikiwa bado vuguvugu. Na usitumie sufuria ya alumini. Choya ina asidi nyingi, asidi hiyo hula alumini na juisi hupata ladha ya chuma. Sufuria ya stili, ya udongo au ya enameli inafaa.

Jambo ambalo wapishi wengi hawalifanyi, na ambalo kwangu ndilo linaifanya choya kuwa chakula cha kila siku kuliko kinywaji tu, ni kuvipika vile vikombe vilivyobaki kwenye chujio. Usivitupe. Vikamue, vikatekate. Kaanga kitunguu kingi kwa mafuta kidogo mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu, pilipili mbichi, kisha vikombe vyako, chumvi na kijiko cha sukari. Geuza mpaka vikauke na kuanza kunata chini. Kinachotoka ni rojo jekundu lenye uchachu, utamu na ukali kwa pamoja. Kwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga sijaona achari inayoishinda. Mexico hufanya jambo la jinsi hiyo, hukaanga vikombe vya choya na kitunguu na kuvifunga ndani ya chapati za mahindi. Sudan na Misri huinywa ya moto na ya baridi, Senegal bissap inauzwa kila mtaa, Jamaica huiandaa na tangawizi wakati wa Krismasi. Choya imesafiri mbali, na kote huko ni chakula cha watu wa kawaida.

Ukibahatika kupata choya mbichi, pika jemu. Ina pektini ya kutosha, kwa hiyo haihitaji kitu cha kugandishia: vikombe, maji kidogo, sukari, moto mdogo, basi. Majani yake machanga nayo ni mboga chachu, na yakichanganywa na mboga isiyo na ladha kali huipa uhai.

Sasa ya pakiti. Nilinunua duka kubwa pakiti nzuri sana kwa macho, yenye vifuko vya kuchovya kama majani ya chai. Nilipopasua kifuko kimoja nikakuta vipande vidogo mno, na pamoja navyo harufu ya tunda ambalo halimo. Kinywaji kilikuwa chekundu na chepesi, uchachu wake ulikuwa mbali. Kwa pesa ile ningepata kisado cha gunia na chenji ya tangawizi. Ninayemshauri kununua ya vifuko ni mtu mmoja tu: yule anayekunywa kikombe kimoja ofisini na hana pa kuchujia. Kwa jikoni haifai, kwa sababu hakibaki kikombe cha kupika.

Ya unga ndiyo mbaya kuliko zote, na hapa naomba tusikilizane. Unga wa choya unaouzwa kwenye vifuko vya nailoni bila jina wala tarehe huwezi kujua kilichomo ndani. Mimi huupima hivi: koroga kijiko kwenye maji, gawanya glasi mbili, moja itie magadi kidogo. Rangi ya choya ya kweli haivumilii magadi. Itageuka, itaelekea kwenye ubuluu au kijani kichafu, kwa sababu ndivyo rangi hii ya asili inavyofanya ikikutana na kitu kinachoua asidi kama magadi. Unga mmoja niliouzwa ulibaki mwekundu ule ule, unang'aa, kana kwamba sijatia kitu. Nilimwaga wote. Ile ilikuwa rangi ya dukani, na watoto ndio wangeinywa. Kama unataka unga, nunua vikombe vikavu, vianike tena saa moja, usage mwenyewe kwa kinu au blenda.

Na wauzaji wanaosema choya "inatibu presha" wapunguze maneno. Ni kweli kwamba utafiti umeonyesha inaweza kushusha shinikizo la damu kiasi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayemeza dawa za presha aongee na daktari wake kabla hajaanza kuinywa jagi kwa jagi, na mama mjamzito vilevile. Kwa wengine, glasi ya choya ni kinywaji kizuri na hilo linatosha.

Karafuu nitaizungumza kwa sababu watu hununua bila kuangalia. Bara tunaiona kitu kidogo cha kutupia kwenye pilau, lakini Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar, ni kazi ya familia nzima: kukwea miti mirefu, kuchambua tumba kutoka kwenye vikonyo, kuanika majamvini na kuanua mvua ikitishia. Karafuu nzuri ina kichwa chake. Kile kiduara kidogo cha juu ndiyo petali zilizojikunja ambazo hazikupata kufunguka, na kikianguka ubora wake umeshuka. Iminye kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Au tupia chache kwenye glasi ya maji. Zilizojaa mafuta huzama au husimama wima, zilizokauka roho hulala juu ya maji. Iliyovundika kabla ya kukauka, wanayoiita mpeta, huwa nyepesi, imesinyaa na rangi imepauka. Usiichukue hata kwa nusu bei.

Karafuu ya unga siinunui kabisa. Makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu, yana mafuta pia na yana kazi yake ya kukamuliwa mafuta, lakini yakisagwa pamoja na karafuu mteja hajui analipia kipi. Nunua nzima, ikaange kavu kidogo, isage siku unayoihitaji. Kwa matumizi ya kila siku hili ndilo ua la bei nafuu kuliko yote, maana pilau ya watu wengi haihitaji zaidi ya tumba sita saba. Zikizidi, ulimi unakufa ganzi na huonji nyama. Ninayopata Kariakoo, kwa mzee mmoja mwenye meza ya viungo, ni safi, kubwa, na hachanganyi makonyo. Kila mara ananikumbusha: "Mwanangu, ifunge kwenye chupa, usiache kwenye karatasi." Ni kweli. Kwenye karatasi harufu inakwisha kabla mwezi haujaisha.

Zafarani napita haraka. Ni nzuri, naipenda, na si ya kila siku. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zikichomolewa kwa mkono, na kilo moja huhitaji maua yanayofika laki moja na nusu, kwa hiyo bei yake ina sababu. Nyingi hutoka Iran. Ndiyo maana zafarani ya bei ya kutupwa inayouzwa kwa kijiko cha kulia si zafarani: mara nyingi ni maua ya kartamu (safflower) yaliyokaushwa au nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi. Tia nyuzi mbili kwenye maji baridi. Ya kweli hutoa manjano polepole, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo humwaga rangi papo hapo, uzi ukapauka. Sikukuu, biriani ya wageni, chai ya mzazi aliyejifungua, hapo naitoa. Siku za kawaida bizari ya manjano inatosha kutia rangi, ingawa haiwezi kutia harufu ile.

Waridi ni habari ndefu kidogo, kwa sababu hapa kuna hatari. Maji ya waridi ni kitu cha kwetu: kwenye shira ya kaimati, kwenye faluda, kwenye wali wa biriani dakika ya mwisho kabla ya kufunika. Yaliyo bora niliyowahi kuonja ni ya Oman, kutoka milima ya Jabal Akhdar, aliyoniletea shangazi anayeishi Muscat. Kule waridi huchumwa majira ya kuchipua, kati ya mwisho wa Machi na Mei, na kwa njia ya zamani hukamuliwa mvuke kwenye tanuri za udongo, kwa hiyo maji yake yana rangi kidogo na harufu ya moshi nyuma ya harufu ya ua. Ndiyo yanayotiwa kwenye halua ya Kiomani. Kijiko kimoja cha chai kwenye shira ya kaimati nzima kinatosha, na barazani wateja waliuliza nimebadilisha nini.

Hayo ya shangazi hayapatikani kirahisi Dar. Yanayopatikana ni chupa za aina mbili zinazokaa rafu moja, na muuzaji hatakuambia tofauti. Moja ni maji yaliyokamuliwa kwa waridi, yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Nyingine ni marashi ya kunyunyizia watu kwa mrashi kwenye maulidi, harusi na misiba, mengi yakiwa maji na manukato ya kiwandani. Yale ya mrashi yana heshima yake, lakini mahali pake ni kwenye mikono na mabega. Soma kibandiko. Kama viungo vilivyoandikwa ni zaidi ya waridi na maji, au kama hakuna neno lolote la kuonyesha ni ya kuliwa, acha. Nyumbani onja tone moja: ya chakula ina uchungu mdogo sana na harufu inapotea taratibu, ya marashi inachoma na kubaki kooni.

Na waridi mabichi ya kununua kwa wauza mashada, msile. Waridi ya Naivasha kule Kenya, na yale ya mashamba ya Arusha, hulimwa kwa ajili ya chombo cha maua mezani, mengi yakisafirishwa Ulaya. Hupigwa dawa za wadudu na ukungu kwa kipimo cha kitu kisichotarajiwa kuingia mdomoni, na kuosha hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia kwenye petali. Nimeona keki za harusi zimepambwa kwa waridi za mashada, zikikatwa na kuliwa na kila kitu. Mpishi anayelipwa pesa nyingi anapaswa kujua. Kama una mwaridi nyumbani na hukuupiga dawa, petali zake ni halali yako: zing'oe, kata ile sehemu nyeupe ya chini yenye uchungu, tia kwenye sukari au kwenye maziwa.

Ni hapo ninapowalaumu wenye visanduku vya maua ya kupambia. Nilinunua kimoja kwenye duka kubwa nikitaka kuwa na haki ya kusema. Maua madogo ya zambarau na manjano, mazuri kweli, yamepangwa juu ya karatasi. Ladha yake ni ya jani laini la mchicha mbichi, bila chumvi. Kesho yake nusu yalikuwa yamesinyaa ndani ya friji. Kwa mpishi wa hoteli mwenye sahani ya kupiga picha, sawa. Kwa nyumba yenye watoto wanaorudi shule na njaa, hapana.

Kabla sijaenda mbele, neno kwa wanaotaka kuchuma wenyewe: ua kunukia vizuri hakulifanyi kuwa chakula. Asumini ni ya kichwani na ya kikuba. Mnanaha, ule wenye ua jeupe refu unaoota kwenye viwanja na majalala, ni sumu kuanzia mbegu mpaka ua, na kuna watu wamepoteza fahamu kwa huo. Ua usilolijua kwa jina, na ambalo humjui mtu anayelila, liache mtini. Maua ya mlonge, kwa upande mwingine, yachume kwa furaha ukiwa na mti au jirani mwenye mti. Hayauzwi sokoni, angalau mimi sijayakuta. Yatie maji ya moto dakika mbili, mwaga maji, kisha yakaange na kitunguu na mayai. Yana uchungu mdogo na ladha inayokaribia uyoga.

Nimeyaacha maua ya maboga mwisho kwa sababu yanahitaji maelezo ya kununua kuliko maelezo ya kupika. Kila mtu anajua msusa, majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi zake na kuungwa kwa nazi au karanga. Wengi wetu tuliokulia kwenye mashamba tulikula na maua yake humo humo. Mjini maua yamepotea kwenye mafungu, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri, likafunga kabla ya adhuhuri, na likikaa juani kwenye meza linanyauka. Muuzaji anaona linachafua fungu lake, analing'oa na kulitupa.

Buguruni yupo bibi anayeuza msusa, matembele na mnavu, anayeleta mboga kutoka bustani yake mwenyewe. Nilimuomba aniletee maua, akashangaa kwanza, kisha akacheka kwa raha, akasema mama yake ndivyo alivyokuwa akipika. Sasa nikifika, "Shikamoo Bibi," naye, "Marahaba mwanangu, yako hapa, nimeyafunika." Huyaweka kwenye kikapu juu ya majani ya mgomba, chini ya kitambaa kilicholoweshwa. Kwa huduma, sijawahi kuhudumiwa vizuri namna hiyo kwenye duka lolote lenye risiti.

Tena anachuma kwa akili. Mmea wa boga una maua dume na maua jike. Jike lina kiboga kidogo nyuma yake, dume lina kikonyo chembamba tu. Yeye huchuma madume, akiacha machache kwa ajili ya nyuki, kwa hiyo maboga yake hayapungui hata moja. Ukichuma kwako, fuata hivyo. Ukikuta muuzaji ana maua yenye viboga nyuma, si kosa la usafi, yanaliwa na ni matamu, ila ujue kila moja lingekuwa boga.

Nyumbani fungua kila ua kwa vidole, toa kile kijiti cha katikati chenye unga wa manjano, tikisa sisimizi watoke. Suuza haraka, kausha kwa kitambaa. Kwenye msusa wa nazi, pika majani kwa tui jepesi mpaka yalainike, tia tui zito, likianza kutokota tia maua yaliyochanwa, hesabu dakika mbili, epua. Yanabaki na rangi yake na utamu mdogo wa boga changa, na mchuzi unapata ulaini ambao majani peke yake hayatoi. Asubuhi, maua manne matano ndani ya mayai na kitunguu na nyanya ni kiamshakinywa kizuri cha watu wawili.

Bhajia ndiyo iliyouzwa ikaisha. Unga wa dengu, chumvi, pilipili manga, bizari kidogo, kitunguu saumu kilichopondwa, maji mpaka uji uwe mzito wa kushika kijiko. Chovya ua zima likiwa limefungwa ncha, dondosha kwenye mafuta ya moto wa wastani, geuza mara moja. Nje panakauka na kulia mdomoni, ndani pana ulaini. Ukitaka zaidi, kabla ya kuchovya weka ndani kijiko cha viazi vilivyopondwa na ndimu. Zile siku nilizoziuza barazani, watu wazima walizitambua, watoto waliuliza ni samaki wa aina gani, na sinia lilirudi ndani tupu kabla ya adhana ya isha.

Bibi huyo haji sokoni kila siku, na maua anayoleta ni machache. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, na kama unataka ya kutosha bhajia mwachie oda tangu jana yake. Mlipe bila kupunguza bei, maana fungu lake ni la elfu moja na linajaza sinia. Mvua zikiwa nyingi maua hulowa na kuoza mtini, kwa hiyo akikuambia leo hayapo, chukua msusa.